Picha si Shahidi: Watoto Wetu na Sanaa ya Kompyuta



Tunaandika makala haya baba na mama kwa pamoja, tukiwa wakazi wa Kayanga wilayani Karagwe, wenye wazee na ndugu huko Nkwenda wilayani Kyerwa. Tunataka kuzungumzia jambo ambalo halisemwi sana katika nyumba zetu: watoto kuchora na kugeuza picha kwa kompyuta. Hatusemi kubonyeza vitufe vya programu iliyokwisha kutengenezwa na wengine. Tunasema mtoto kuandika mwenyewe amri, mstari baada ya mstari, kisha kompyuta ikazifuata na mchoro ukatokea. Wazazi wenzetu wengi huliona jambo hili ama kuwa mchezo wa kupoteza muda, ama mlango wa fitna. Sisi tumelitazama kwa karibu kwa likizo tatu mfululizo, na tumeridhika kuwa ni elimu ambayo nyumba ya Muislamu inaihitaji katika zama hizi.

Picha ni hesabu

Baada ya kuuza kahawa ya maganda mwaka mmoja, tulinunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika. Mpwa wetu anayesoma chuo alipokuja likizo aliwawekea watoto zana iitwayo p5.js. Zana hii ina ukoo wake. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry, wakiwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, walianzisha Processing, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa wasanii na wanafunzi ambao si mafundi wa kompyuta. Mwaka 2013 Lauren McCarthy akaanzisha p5.js, inayofuata njia hiyohiyo lakini hufanya kazi ndani ya kivinjari cha kawaida. Zote mbili hutolewa bure, na p5.js ikishapakuliwa mara moja, mtoto anaweza kuendelea nayo bila ya bando.

Somo la kwanza walilolipata binti yetu aliye kidato cha tatu na mdogo wake aliye darasa la sita lilikuwa hili: picha iliyomo katika simu si kitu kimoja. Ni safu za vijiraba vidogo mno viitwavyo pikseli. Kila kijiraba kina namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, na kila namba huanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 kijiraba ni cheusi. Zote zikiwa 255 ni cheupe. Kwa namba hizo tatu tu hupatikana rangi zaidi ya milioni 16. Picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa njia hii ilitengenezwa mwaka 1957 na Russell Kirsch huko Marekani. Ilikuwa sura ya mwanawe mchanga, yenye pikseli 176 kwa 176. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa bodaboda pale Omurushaka hupiga leo picha yenye mamilioni ya pikseli, lakini msingi ni uleule.

Akishalijua hilo, mtoto huanza kuuliza maswali ya mtu mzima. Kama picha ni namba, namba hujumlishwa, hutolewa na hupangwa. Kwa hiyo picha nayo inaweza kujumlishwa, kutolewa na kupangwa.

Wakaanza majaribio. Walipiga picha ya beseni la kahawa iliyochumwa, wakaiamuru kompyuta ipange pikseli zote kuanzia yenye mwanga mdogo hadi yenye mwanga mwingi. Beseni likapotea, ikabaki michirizi ya rangi, kutoka weusi wa kivuli, kupita wekundu wa buni iliyoiva, hadi weupe wa ukingo wa beseni. Hakuna rangi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Mdogo akataka kujua ni kiasi gani cha kahawa ile kilichumwa kikiwa bado kibichi, basi wakaandika amri ya kuhesabu pikseli ambazo ukijani wake unazidi wekundu. Jibu likawa kubwa kupita kiasi, kwa kuwa kompyuta ilihesabu pia majani mawili yaliyoanguka ndani ya beseni. Wakayatoa majani, wakapiga picha upya. Hapo wakawa wamejifunza kuwa kompyuta haioni kahawa wala jani. Inaona namba, na maana ya namba huletwa na mwanadamu.

Jaribio jingine lilikuwa la kutoa picha moja kutoka katika nyingine. Unachukua picha mbili zilizopigwa kutoka mahali pamoja, unatoa namba za kila kijiraba cha moja kutoka katika kijiraba mwenzake cha nyingine. Palipo sawa, jibu ni 0, na panakuwa peusi. Palipobadilika panabaki mwanga. Walifanya hivyo kwa picha mbili za baraza yetu, za kabla na baada ya kuku kupita. Baraza yote ikawa giza, akabaki kuku peke yake akiwaka. Tulicheka siku ile. Hatukujua kuwa jaribio hilo la kuku litakuja kutufaa katika jambo lisilo la kicheko.

Bibi na hesabu ya kikapu

Tulipokwenda Nkwenda, watoto waliichukua kompyuta. Bibi yao husuka vikapu vya mviringo, vyenye mapambo ya pembe tatu nyeusi na nyekundu yanayozunguka ukingo. Binti yetu akaamua kuandika programu ya kuchora kikapu kile. Aliweka mishono 100 katika mzunguko, na pambo moja akalipa upana wa mishono 8. Mchoro ulipofunga duara, pambo la mwisho likawa nusu.

Bibi akakitazama kioo cha kompyuta, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hapo utafumua. Mia haikubali nane. Punguza minne au ongeza minne."

Alikuwa sahihi. Mia ukiigawa kwa nane inabaki nne. Mishono 96 hutoa mapambo 12 kamili, na 104 hutoa 13. Lugha za kompyuta zina alama maalumu ya kutafuta baki, na binti yetu alikuwa akiifahamu kutokana na kitabu. Bibi, ambaye hakwenda shule, huitafuta baki hiyo kwa vidole kabla hajachoma mshono wa kwanza, kwa sababu kikapu kikishafika nusu hakirudi nyuma bila hasara. Tangu siku hiyo mchana wao ulibadilika: Bibi anataja pambo, mjukuu anauliza hesabu yake, kisha wote wawili wanangoja kuona kama duara litafunga.

Tukaona kuwa sanaa hii haikuletwa kwetu na kompyuta. Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya zamani ya Gisaka iliyo mashariki ya Rwanda, kuna sanaa ya imigongo: samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta membamba yenye pembe na misokoto, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mauaji ya mwaka 1994 karibu yaipoteze, na wanawake ndio walioifufua. Ukiitazama vizuri, imigongo ni amri fupi inayorudiwa: panda, geuka, shuka, geuka.

Na katika urithi wa Uislamu jambo hili ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 wanafizikia Peter Lu na Paul Steinhardt walionyesha kuwa mapambo ya ukuta wa jengo la Darb-i Imam huko Isfahan, lililojengwa mwaka 1453, yalitumia kanuni ya mpangilio ambayo wanahisabati wa Magharibi waliifikia katika karne ya 20. Mafundi wale walikuwa na vigae vya maumbo matano tu, na kanuni ya namna ya kuviunganisha. Hata neno "algorithimu", ambalo ndilo jina la mpangilio wa amri unaofuatwa na kompyuta, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Tuliwaeleza watoto haya ili wasidhani wanaazima nguo ya watu wengine.

Suala la sura

Msomaji atauliza: vipi kuhusu sura za viumbe wenye roho? Swali hili tulilipeleka kwa sheikh wetu kabla ya kuendelea, nasi tunawashauri wazazi wengine wafanye hivyo. Makemeo ya Mtume (s.a.w.) juu ya watengeneza sura yanajulikana katika vitabu vya Hadithi, na Muislamu hayachukulii kwa wepesi. Imepokewa pia kuwa mtu mmoja aliyeishi kwa kazi hiyo alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye akamwelekeza kuwa kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Kuhusu picha za kamera wanavyuoni wa zama zetu wametofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliijuzisha kwa hoja kwamba kamera huzuia kivuli cha kitu kilichopo, wala haiumbi kitu kipya; wengine wakaikataza isipokuwa kwa dharura.

Hatuna elimu ya kuamua baina yao. Tulichokifanya ni kuchagua njia iliyo mbali na shaka: watoto wetu wanachora maumbo, majani, vikapu, migomba, vilima na mawingu. Mpaka huo haukuwabana. Ulimwengu wa maumbo ni mpana, kama vigae vya Isfahan vinavyoshuhudia.

Tumewaonyesha pia mfano wa Samia Halaby, msanii wa Kipalestina aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1936, ambaye familia yake ililazimika kuondoka Palestina mwaka 1948. Alikwisha kuwa mchoraji mwenye sifa, na alikwisha kufundisha katika chuo kikuu cha Yale nchini Marekani, alipoamua, katika miaka ya 1980, akiwa na umri wa miaka karibu 50, kununua kompyuta ya Amiga na kujifundisha kuandika programu. Aliziandika kazi zake yeye mwenyewe, na michoro yake ni ya maumbo na rangi zinazotembea juu ya kioo. Binti yetu alivutiwa na jambo moja: kwamba mama wa umri ule hakumngoja fundi.

Picha iliyoingia kwenye posa

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Tunalieleza kwa idhini ya wazazi wa binti anayehusika, na tumeacha kila alama inayoweza kumtambulisha.

Binti mmoja katika jamaa zetu wa karibu alikuwa ameposwa. Siku chache kabla ya mahari kupelekwa, picha ikaanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp: uso wake, bila hijabu, juu ya mwili uliovaa mavazi ya aibu, mahali palipofanana na baa. Hakuna aliyesema ilitoka wapi. Kila aliyeituma alisema ametumiwa. Ndani ya siku moja ilifika kwa wazee wa upande wa mume. Binti akaacha kwenda darsani. Mama yake akaacha kwenda sokoni. Ujumbe ukaletwa kwamba posa isimame kwanza.

Binti yetu aliomba kuiona ile picha, nasi tulisita, kwani kuitazama aibu si jambo dogo. Tulikubaliana kwamba mama aufunike mwili kwa karatasi juu ya kioo, wautazame uso peke yake. Binti yetu akasema uso ule anaujua: ni wa picha ya Idi, ambayo yule binti aliwahi kuiweka kwenye wasifu wake wa WhatsApp, akiwa amejitanda mtandio wa rangi ya zabibu. Wakaitafuta picha ya Idi, wakaikuza mpaka nyuso zikalingana ukubwa, wakaweka moja juu ya nyingine. Kisha wakafanya lile jaribio la kuku.

Uso ukawa mweusi. Jicho juu ya jicho, kivuli cha pua juu ya kivuli cha pua, hata mng'ao mdogo kwenye paji la uso ulilingana. Haukuwa weusi kamili, kwa sababu WhatsApp hubana picha kila inapotumwa na namba hubadilika kidogo. Lakini kuuzunguka uso, mahali palipokuwa na mtandio, mwanga uliwaka kama ukingo uliokatwa kwa mkasi. Mtu hawezi kukaa mara mbili, siku mbili tofauti, mahali pawili, kivuli cha pua yake kikaanguka kwenye kijiraba kilekile. Uso ulikuwa umenyofolewa kutoka katika picha ya Idi na kubandikwa.

Baba alikwenda na mwanawe kwa wazee wa upande wa mume, wakawaonyesha ile picha ya Idi, kisha ule uso uliotoka mweusi. Mzee mmoja aliomba aonyeshwe tena, mara tatu. Mwishowe akasema, "Basi tumemdhulumu mtoto wa watu." Posa iliendelea, na nikaha imefungwa, alhamdulillah.

Lakini hatukurudi nyumbani na furaha kamili. Binti yetu aliuliza njiani, na swali lake bado tunalo: kama yule dada asingekuwa na picha ya Idi, ingekuwaje? Kama uso ungechukuliwa katika picha ambayo hakuna aliyewahi kuiona? Na leo zipo programu za akili bandia zinazotengeneza picha nzima kwa kuelezwa kwa maneno tu, isiyokuwa na asili ya kulinganisha nayo. Jaribio la kuku halitasaidia hapo.

Jibu halimo katika kompyuta. Limo katika dini yetu, na tulikuwa nalo kabla ya kompyuta kuwapo. Surat An-Nur imeweka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na adhabu kwa asiyewaleta. Surat Al-Hujurat imetuamuru kuchunguza habari inapoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na kanuni ya mahakama ya Kiislamu ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai. Hakuna pahala palipoamriwa kwamba anayetuhumiwa athibitishe usafi wake kwa kuhesabu pikseli. Shahidi huulizwa jina, na uadilifu wake hupimwa. Picha iliyozunguka haikuwa na jina, haikuwa na uadilifu wa kupimwa, wala haina ulimi wa kushuhudia. Picha si shahidi. Yule binti alistahiki kuaminiwa kabla watoto wetu hawajawasha kompyuta.

Hata sheria ya nchi inalitambua jambo hili: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo na unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Anayesema "nami nimetumiwa tu" ajue kuwa alipoituma kwa mwingine alikuwa anafanya tendo lake mwenyewe.

Mapatano ya nyumba yetu

Baada ya tukio lile, ndugu kadhaa walituuliza kama hatuogopi kuwafundisha watoto ufundi unaoweza kutengeneza uovu kama ule. Hofu hiyo ina haki yake. Anayejua kutoa picha moja kutoka katika nyingine anaweza pia kuibandika. Hata hivyo, aliyeibandika ile picha hakuhitaji kujua hata mstari mmoja wa programu, kwani zipo programu za simu zinazofanya hivyo kwa kugusa mara mbili. Uovu ulikwisha kuwa rahisi. Kilichokuwa adimu ni watu wenye kuuelewa.

Kwa hiyo tumeandika mapatano mafupi, watoto wameyatia saini pamoja nasi, na yamebandikwa ukutani karibu na meza ya kompyuta. La kwanza: hatugeuzi picha ya mtu yeyote, hata kwa mzaha, hata akiwa ndugu. La pili: tunachora visivyo na roho. La tatu: picha ya mtu ikiletwa kwetu yenye kumvunjia heshima, haitoki kwenye simu yetu kwenda ya mwingine, hufutwa, na ikihitajika kuripotiwa, mzazi ndiye hushughulikia. La nne: adhana ikisikika, kompyuta hufungwa, hata kama duara halijafunga.

Kwa familia zisizo na kompyuta, tunapenda kusema kuwa elimu hii haianzi na kompyuta. Karatasi ya hesabu yenye miraba na kalamu tatu za rangi zatosha. Mpe mtoto kanuni moja: kila mraba wa tatu mwekundu, kila wa tano mweusi, na kwenye kumi na tano aamue mwenyewe, kisha mwache aone pambo litakalotokea. Au mpeleke kwa bibi yake anayesuka mkeka, amuulize anahesabu nini. Siku simu itakapofika mkononi mwake, atakuwa amekwisha kujua kuwa nyuma ya kila picha kuna mkono uliopanga, na atauliza ni mkono wa nani kabla ya kuamini.

Yule binti amerudi darsani. Picha ile, kwa tunavyosikia, bado imo katika simu za baadhi ya watu. Tunawaomba wanaoisoma kurasa hizi, kila mmoja aangalie simu yake leo, na kama anayo picha ya namna hiyo, ya binti huyu au ya mwingine yeyote, aifute kwa ajili ya Allah. Naye Allah ndiye Mwenye kusitiri aibu za waja wake.